Tangazo la Mzambarau Mweupe

"Kinywa cha kuazima huahidi kisichomo ghalani." Vijana wa Soni waliisikia kauli hiyo ikisemwa sokoni, wakamwendea Mwalimu Shekigenda, mstaafu aliyekuwa akipalilia kahawa yake, wakamuuliza imetoka wapi. Mwalimu akaegemea jembe lake. Chimbuko la methali hii, akasema, ni hapa hapa kwetu, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Zahara Shemdoe, mwenye kitalu cha miche kwenye mteremko ambako ukungu hukaa hadi karibu adhuhuri. Miche yake ilikuwa mizuri, lakini kitalu kilikuwa mbali na barabara, na wanunuzi wachache. Akajifunza kutangaza mtandaoni, kwa yale matangazo yanayomtokea mtu anapotafuta kitu kwenye simu, ambayo mwenye biashara huyalipia kila yanapobonyezwa. Katika tangazo lake aliacha pengo. Aliandika "Unatafuta", kisha pengo, kisha "Tunao. Karibu Soni." Pengo lilijijaza lenyewe kwa neno kutoka kwenye orodha yake, lile lililolingana na alichoandika mtafutaji. Aliyetaka mparachichi aliona mparachichi, aliyetaka mpera aliona mpera, na kila mmoja alihisi ameitwa yeye.

Wateja wakaja, na Zahara akanogewa. Mtandao ulimwonyesha maneno ambayo watu walikuwa wakiyaandika, mamia kwa mamia, naye akayazoa yote akayatia kwenye orodha bila kuyasoma, kama mtu azoavyo majani makavu kwa tenga.

Asubuhi moja ya Juni ukungu ulikuwa mzito hata miche ilionekana kama inaelea. Ndani ya weupe ule Zahara akasikia fimbo ikigonga mawe, kisha wakatokea wazee wawili walioshikana mikono. Mwanamume alisema yeye ni Mughenyi, na kwamba wametoka Singida, siku mbili njiani. Macho ya mkewe, Bi Hadija, yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho.

Mzee alieleza haja yao taratibu. Mkewe alizaliwa milima hii, na uani kwao palikuwa na mzambarau uliozaa matunda meupe. Watoto waliyala wakashiba, wakarudi ndani na ndimi safi, mama yao asijue. Mti ulikatwa, ukoo ukatawanyika. Tangu macho yake yaanze kufifia, Bi Hadija alikuwa akiuota mti ule, akiamka na utamu wake kinywani. Mumewe akautafuta kwenye simu kwa miezi, mpaka siku moja akajibiwa: "Unatafuta mzambarau mweupe? Tunao."

Wakati huo Bi Hadija alikuwa ameshauachia mkono wa mumewe. Alikwenda polepole kati ya viriba vya miche, akigusa majani kwa ncha za vidole na kutabasamu, kana kwamba amefika uani kwa mama yake.

Zahara akamtazama. Miche ya zambarau nyeusi ilikuwapo pale pale miguuni pa Bi Hadija, na jani halimwambii mtu rangi ya tunda. Mpaka mche uzae, miaka mingi ingekuwa imepita. Maneno "huu hapa" yalimfika mdomoni. Akaona haya, akayameza.

"Mama," akasema, "mzambarau mweupe sina. Sijawahi hata kuuona."

Mzee Mughenyi akatoa simu yake. "Mbona ulisema mnao?"

"Sikusema mimi, baba. Niliacha pengo kwenye tangazo, likajazwa na neno mlilolitafuta. Kosa ni langu."

Mzee akairudisha simu mfukoni. "Basi siku mbili zote," akasema, "tumekuwa tukifuata maneno yetu wenyewe."

Ukungu ukapita katikati yao. Bi Hadija ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajatoka usingizini: "Kinywa cha kuazima, mwanangu, huahidi kisichomo ghalani."

Zahara akawakaribisha jikoni, akawapa chai na viazi vya moto. Bi Hadija akajinyoosha kwenye mkeka kando ya moto, akalala. Alipoamka alisema ameuona mti tena, umechanua. Kisha akaomba mche wa zambarau nyeusi.

"Nauchukua nikijua ni mweusi," akasema. "Huo nitaupenda kwa jina lake."

Zahara aliwasindikiza hadi stendi, mche ameubeba mwenyewe, wala hakukubali kulipwa. Aliporudi akaifungua ile orodha, akaisoma neno kwa neno. Alibakiza majina ya miti aliyoweza kuiendea na kuishika. Mengine yote akayafuta. Wateja wakapungua kweli, lakini aliyepanda mlima ule hakushuka tena mikono mitupu.

Mwalimu akainua jembe lake, akasema kwamba hata leo, mtu akiulizia mti ambao Zahara hana, Zahara humwambia hana, kisha huongeza kama alivyoambiwa: kinywa cha kuazima huahidi kisichomo ghalani.