Fisi Aliyemsifu Nyati

Anayependa kubishana juu ya mpira na asogee karibu, maana haya yaliwapata wabishani wenyewe.

Mwaka huo mvua iligoma kabisa katika mbuga ya Kiwale. Mito ikabaki mchanga mtupu, na maji yote ya nchi ile yakabaki katika bwawa moja, Bwawa la Mkangaga. Wanyama walikuwa tayari kutoana roho. Simba, ambaye hakupenda jambo lolote litokee bila jina lake kutajwa, akatoa amri kwamba maji yatagombewa kwa ligi ya mpira. Timu nne zitakazofika nusu fainali zitakunywa alfajiri, maji yakiwa safi. Wengine watakuja baadaye na kukuta tope.

Mpira wenyewe ulikuwa kibuyu kilichozungushiwa kamba za mkonge. Mrushaji alikaa nyuma, akaupitisha juu ya vichwa vya maadui, na mwenzake akakimbia kuudaka ng'ambo ya mstari. Timu isiyo na mrushaji wa maana ilikimbia tu na kurudi.

Ligi ilipokaribia kwisha, Simba, Tembo na Nyani walikuwa wameshapita na timu zao. Ilibaki nafasi moja, na timu mbili zilikuwa na pointi sawa. Moja ilikuwa ya nyati, na mrushaji wake alikuwa Nyati mkubwa mwenyewe, aliyerusha kwa pembe. Nyingine ilikuwa ya wanyama wadogo, na mrushaji wao alikuwa Tumbili. Kocha wa wadogo alikuwa Sungura.

Sungura alikuwa na jambo lililomkosesha raha. Kiangazi cha nyuma, kabla ya ligi, wadogo walisukumwa wakanywa tope, na watoto wa Digidigi wakaharisha mpaka wakashindwa kusimama. Mama yao alimjia Sungura asubuhi moja. Hakulaumu wala hakulia, alisema tu, "Kocha, mwaka huu tusikose." Neno hilo lilimkaa Sungura kooni kuliko kiu.

Pointi zikilingana, uamuzi uliachiwa wachambuzi: wamtaje mrushaji aliye bora, na timu yake ipite. Kijiwe chao kilikuwa kichuguu kikubwa kando ya uwanja. Hapo Ngiri na Kanga walibishana kutwa nzima mpaka mate yakawakauka. Juu kabisa alikaa Fisi, mchambuzi mkuu.

"Tumbili ana shabaha," Kanga alisema. "Msimu mzima hajampa adui mpira."

"Shabaha ya kuangushia matunda ya mkunazi," Fisi akajibu. "Mimi naangalia mpira, mwenzangu unaangalia mkia. Mechi kubwa inataka mrushaji mkubwa."

"Juzi mkubwa wako aliutupa kwenye kiota cha Mbuni," Ngiri akasema.

"Upepo ule."

"Na alipomvunja mwenzake jino?"

"Mwenzake alichelewa kufungua mdomo," Fisi akasema. "Mrushaji halaumiwi kwa meno ya watu."

Sungura alikuwa akisikiliza chini ya kichuguu. Alichokitazama ni tumbo la Fisi. Kila mnyama wa Kiwale siku zile alionekana mbavu, lakini tumbo la Fisi lilikuwa limejaa na kung'aa. Akaenda kumtafuta Tai, ambaye habari za mizoga hazimpiti.

"Kuna pofu, yule swala mkubwa, amekufa kule korongoni," Tai alilalamika. "Ndugu zake Nyati wamesimama wanamlinda, tukitua tu wanatufukuza. Nao hata nyama hawali. Wanamwekea nani?"

Sungura akaelewa wanamwekea nani. Lakini hakwenda kupiga kelele. Fisi angekana, Nyati angekuja na pembe zake, na habari ingeishia hapo. Badala yake akakumbuka desturi moja iliyokuwa imelala.

Babu yake Simba ndiye aliyeiweka. Mchambuzi akishamtaja mrushaji aliye bora, alipaswa kusimama ng'ambo ya mstari na kudaka mpira wa kwanza wa mrushaji huyo, mbele ya umati. Akiudaka, neno lake linapita. Akiukimbia, neno linafutwa, na mwingine anaweza kumsifu amtakaye kwa sharti hilohilo. Tangu Fisi akalie kichuguu, desturi haikufuatwa. Kila ilipotajwa alishika kiuno na kusema, "Nyonga zangu, jamani," kisha akapiga hatua mbili za kuchechemea. Kwa kuwa kila mtu anajua fisi anavyotembea, walimhurumia.

Siku ya uamuzi wanyama wote walijaa uwanjani. Simba alikaa mbele kabisa, manyoya ya shingo yamechanwa. Fisi akasimama juu ya kichuguu na kumtaja Nyati.

Sungura akainua mkono kwa adabu. "Shikamoo, mzee Fisi. Sibishani na mkubwa, nataka kujifunza tu. Tumbili wetu hurusha taratibu, mpira wake hudakwa hata na mtoto. Huyu Nyati wako si atawaumiza wadakaji wake?"

Umati ukanung'unika. Nyati naye akakunja uso, na Fisi akaiona ile minofu ya pofu ikianza kumponyoka.

"Kijana, hujui mpira," akasema haraka. "Mpira wa Nyati ni laini. Unakuja wenyewe kifuani, unatua kama unyoya."

"Hata kwa mzee?"

"Hata kwa kizee asiye na meno."

"Na mwenye ugonjwa wa miguu, tuseme? Maana wapo wengi."

"Hata mwenye nyonga mbovu ataudaka amekaa," Fisi akasema, na alipolisikia neno lenyewe likitoka, masikio yakamlala.

Sungura akamgeukia Simba na kuinama. "Mtukufu, mimi nimeridhika. Imebaki desturi ya babu yako tu. Nasikia ilikuwa sheria nzuri, ila watu wameisahau."

"Nani ameisahau?" Simba akauliza, na mkia ukampiga chini. Hakuweza kuvumilia jambo la ukoo wake lisahaulike. "Fisi, nenda mstarini."

Fisi akashika kiuno. "Nyonga zangu, Mtukufu..."

"Umesema ataudaka amekaa," Simba akamjibu. "Basi kaa."

Fisi akaenda akakaa. Kule mwisho wa uwanja Nyati alikuwa na furaha isiyo kifani, maana alikuwa hajawahi kusifiwa hivyo hadharani, na alitaka umati wote uone nguvu aliyosifiwa nayo. Alirudi nyuma, akakimbia, akakipiga kile kibuyu kwa pembe zote mbili. Kikaja kikivuma.

Fisi hakungoja kuona kama ni unyoya. Alichomoka mbio, nyonga zikifanya kazi vizuri ajabu, akakata kona mbili bila kuchechemea hata kidogo. Kibuyu kikachimba shimo pale alipokuwa amekaa. Umati ukamfuata kwa vicheko, na yeye kwa hofu akakimbilia mahali pekee alipopazoea, kule korongoni. Walipofika walimkuta kajificha nyuma ya mzoga wa pofu ulioliwa nusu, ndugu zake Nyati wakiwa walinzi kushoto na kulia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Simba akanguruma mara moja, na neno la Fisi likafutwa pamoja na kiti chake. Nyati akatazama chini.

"Nani anamsifu Tumbili?" Simba akauliza waliporudi.

"Mimi," Sungura akasema, ingawa kibuyu kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake na masharti yalikuwa yaleyale. Akasimama mstarini. Pembeni mama Digidigi alifumba macho. Tumbili akapima, akarusha taratibu, mpira ukapanda, ukashuka, ukamkuta Sungura kifuani na kumwangusha chali. Umati ukanyoosha shingo. Kisha wakamwona amelala pale vumbini, amekikumbatia kibuyu kwa miguu yote minne.

Kesho yake alfajiri watoto wa Digidigi walikunywa maji yaliyokuwa bado yanaonyesha anga.

Fisi siku hizi hukaa chini ya kichuguu na bado hubishana. Lakini akianza tu kumpandisha mrushaji fulani mbinguni, Ngiri humwambia bila kumtazama, "Simama basi udake." Naye Fisi hushika kiuno na kusema alikuwa anauliza tu.