Stendi ya Ambakisye

Usiilaumu mbingu kabla hujapima mguu. Mmeusikia msemo huo leo kwa jirani, nanyi mnaniuliza mbingu na mguu vimekutana wapi. Kaeni niwaambie ulikozaliwa, maana nilikuwepo.

Kabla ya bomba kufika hapa kwetu Rungwe, maji tuliyafuata bondeni na kuyapandisha kwa kichwa. Mama yangu, Sekela, alizeeka kwenye njia ile. Kijiji kikaomba waje wapima ardhi, watuambie kama maji ya chemchemi ya msituni yangeweza kuteremka yenyewe mpaka kwenye tangi letu.

Wakaja mtu na mkewe, Ambakisye na Atuganile, wote wapima ardhi. Ambakisye alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusema. Atuganile alikuwa mpole, ila akishika jambo haliachi. Walitaniana kutwa, na sisi tukawapenda.

Antena yao moja waliisimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu, juu ya bikoni, ile nguzo fupi ya zege ya wapimaji, iliyokuwa kando ya shamba la mahindi. Nyingine walitembea nayo. Zote zilipokea habari za setilaiti, na mashine yao ikakokotoa kimo cha kila mahali kwa kukilinganisha na antena ya kwenye stendi. Lakini mashine haina macho. Antena imesimama juu ya bikoni kwa kiasi gani, hilo lazima mtu alipime kwa tepu, kisha aiambie.

Siku ya kwanza wakapima penye tangi na kando ya njia, kila mahali wakiacha alama. Kesho yake upepo ukawa unayalaza mahindi juu ya antena, Ambakisye akairefusha miguu ya stendi ili antena iione mbingu vizuri. Kisha wakaenda msituni kupima chemchemi. Waliporudi, majibu yalionyesha kwamba chemchemi iko chini kuliko tangi.

Tukakusanyika. Ambakisye akasema kwa huzuni, "Wazee wangu, maji hayapandi mlima."

 Mama yangu akainuka, akachukua ndoo yake, akashika njia ya bondeni.

Atuganile alimtazama mpaka akapotea. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Ipyana, moyo wangu unakataa. Twende tukaipime upya ile alama ya jana pale kwenye tangi."

Wakaipima. Ikatoka chini kuliko jana.

"Umeona?" Ambakisye akasema. "Setilaiti za leo mbovu. Mbingu imetugomea, mama. Tufungashe, tutarudi siku nyingine."

"Bado. Tupime na alama nyingine za jana."

Wakapima moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa imeshuka, na zote zimeshuka sawasawa.

"Mbingu ikikosea huyumbayumba," Atuganile akasema, "hapa juu, pale chini. Hili kosa halikuyumba hata kidogo. Urefu wa stendi uliupima?"

"Niliupima."

"Lini?"

"Jana."

"Na leo ulipoirefusha miguu?"

 Ambakisye akashika kichwa, halafu akacheka kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. "Mama Ipyana, lete tepu."

Wakapima. Stendi ilikuwa imepanda kwa kiasi kilekile ambacho alama zote zilikuwa zimeshuka. Mashine ilikuwa bado inashikilia urefu wa jana, ndiyo maana ikaona kila mahali pameshuka. Wakairekebisha, na chemchemi ikapanda juu ya tangi. Si sana, lakini maji hayahitaji sana.

Ambakisye hakungoja kutuita. Alikimbia bondeni, akamkuta mama yangu anapanda, akampokea ndoo na kujitwika mwenyewe. Hakuwa na mazoea. Alifika juu shati limelowa chapa, nusu ya maji imemwagika, naye anaomba radhi njia nzima: "Mama, maji yatafika. Nilikuwa naisingizia mbingu, kumbe mguu wa stendi sikuupima."

Mama akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Umechoka bure, mwanangu," akamwambia. "Siku nyingine usiilaumu mbingu kabla hujapima mguu."

Atuganile alicheka mpaka akakaa chini. Tulipokuwa tukichimba mtaro wa bomba, kila aliyelaumu jembe, jua au mwenzake aliambiwa maneno hayo, na wachimbaji wakayapeleka vijiji vingine. Maji yalipofika, mama alikinga viganja chini ya bomba, akanywa, akaomba wale wapimaji waletewe ndizi.

Basi nanyi, jambo likiharibika, anzeni na lile mliloligusa kwa mikono yenu. Usiilaumu mbingu kabla hujapima mguu.