Aliyekimbia Kila Siku kwa Nguvu Zote

Mtu mmoja alikuwa na moyo aliouogopa. Jina lake Elihaki Mchomvu, mwana wa Yohana Mchomvu, wa kijiji cha Vumbwe katika milima ya Upare. Baba yake alianguka njiani akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mkono mmoja kifuani, akafa kabla watu hawajamfikia. Elihaki alipotimiza miaka hamsini alianza kuusikiliza moyo wake kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni asiyemjua nje ya mlango. Mganga wa zahanati akamwambia afanye mazoezi. Akaanza kukimbia.

Hakukimbia kama mtu anayejenga mwili. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, alishuka kilomita nne na kupanda nne kwa nguvu zote alizokuwa nazo, macho kwenye saa ya mkononi, akarudi na ladha ya chuma mdomoni. Wiki sita za kwanza saa ilimsifu. Kisha ikaanza kumkana. Dakika ziliongezeka, miguu ikawa mizito tangu kitandani, na moyo ukadunda mbio hata kabla hajasimama. Elihaki alisema huo ni uvivu, akazidisha nguvu. Aliamini kwamba siku atakayopunguza ndiyo siku atakayokamatwa.

Katika milima ile mtu hampiti mwenzake bila salamu, na salamu haikatwi. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mgonjwa, na kila swali lina jibu lake. Anayepita mbio bila kusalimu ana habari ya msiba. Kwa hiyo siku za mwanzo, wanawake walipomwona Elihaki akipita kimya, macho yamemtoka, waliweka majembe chini na kuuliza ni nani amefariki. Hakuwajibu, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kujibu. Baadaye walielewa kwamba ni mazoezi. Wakamzoea, wakaacha hata kuinua vichwa.

Alikuwapo mkimbiaji mwingine pale Vumbwe, Nakunda Mbwambo, mkunga, mwanamke mnene kidogo wa miaka arobaini na saba, aliyeitwa Mama Eliapenda. Siku nne za juma alikimbia kwa mwendo unaoruhusu salamu kumalizika. Aliianza kabla hajafika mlangoni pa mtu, akaimaliza akiwa amekwisha kupita, na pumzi bado ikiwa yake. Alhamisi peke yake aliupanda kwa kasi mlima wa kanisa, mara sita, na Ijumaa alipumzika. Elihaki alimpita mara nyingi. Siku moja, akiwa amesimama kufunga kamba ya kiatu, alimwambia, "Mama Eliapenda, ukifika uniambie, nikuwekee chai." Nakunda alicheka. "Nitaikuta imepoa, Baba Niwaeli. Lakini nitaikuta."

Mwaka ule, mwezi wa nne, mvua ilinyesha milimani siku tatu bila kukatika. Juu ya kijiji ipo ndiva ya Ishinga, bwawa walilojenga mababu kukusanya maji ya mifereji. Jumamosi, saa mbili asubuhi, mlinzi wa ndiva, Mzee Samweli Mmbaga, aliona ufa katika ukuta, na maji yaliyotoka humo yalikuwa na rangi ya udongo. Alijua maana yake, akashuka kijijini kutoa habari. Chini, umbali wa kilomita kumi na sita, kiko kitongoji cha Mkanyeni, kimejengwa kandokando ya korongo kavu. Huko hakukuwa na mvua. Huko jua liliwaka, na watu walikuwa wameanika maharage. Barabara ilikuwa imefunikwa na maporomoko mahali pawili, pikipiki haipiti, na mnara wa simu ulikuwa kimya tangu jana yake. Ilibaki miguu, na Vumbwe kulikuwa na watu wawili tu waliokimbia.

Elihaki hakungoja maneno ya Mzee Samweli yaishe. Binti yake, Niwaeli, aliolewa Mkanyeni, naye alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Mzazi wa siku tisa hukaa ndani, mlango umerudishwa. Hataona maji. Elihaki aliteremka kama jiwe lililong'oka. Nakunda alifunga kanga kiunoni, akamwuliza Mzee Samweli ni nyumba zipi zilizo karibu zaidi na korongo, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaondoka.

Kwenye kilomita ya saba njia inapita uani kwa Zakayo Kihara, ambaye nyumba yake iko ukingoni mwa korongo lenyewe. Zakayo alikuwa akifungua mbuzi. Elihaki alipomwona alitaka kusema neno moja tu, ndiva, lakini kifua kilitoa hewa tupu. Angesimama apumue mara tatu, neno lingetoka. Hakuthubutu kusimama. Alipunga mkono kuelekea mlimani, akapita. Zakayo alimwambia mkewe, "Yule na saa yake." Akashuka korongoni na mbuzi wake.

Dakika chache baadaye Nakunda alifika pale pale. Mke wa Zakayo alianza kumsalimu kama kawaida. Nakunda hakuitikia salamu, na mwanamke yule akasimama palepale, ungo mkononi, uso umebadilika.

"Ndiva ya Ishinga inapasuka. Toka, panda juu. Zakayo yuko wapi?"

Akaambiwa. Mwanamke akakimbilia ukingoni kumwita mumewe. Nakunda aliendelea, na katika kila ua alisema maneno yale yale, mazima, kwa sauti inayofika ndani, na katika kila ua watu walitoka na watoto wao bila kuuliza la pili.

Elihaki alikuwa amesimama kwenye kilomita ya kumi. Hakuamua kusimama. Mapaja yalikaza kama kamba iliyolowa, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, kisha akakaa kwenye jiwe, mkono mmoja kifuani. Alisikia hatua nyuma yake. Hazikuwa za haraka kuliko siku nyingine.

"Baba Niwaeli, nyumba ya binti yako ni ya ngapi kutoka korongoni?"

Alinyoosha vidole vitatu. Nakunda akapita.

Saa nne ukuta ulikatika. Elihaki alisikia kwanza ardhi, kisha miti, na maji yakapita chini ya macho yake yakiwa mazito na mekundu, yakibeba mapaa ya nyumba na mbuzi. Yalikuwa yakienda kule alikotumwa yeye, nayo yalikuwa na nguvu. Alipoweza kusimama, alitembea akijishika mapaja. Kila nyumba aliyoikuta ilikuwa wazi, moto jikoni, sufuria mekoni, na mtu hakuna. Hakujua kama zimeachwa au zimeporwa watu wake. Aliita, maana sasa pumzi ilikuwapo, na hakuna aliyeitikia. Alitembea hivyo kilomita sita.

Mkanyeni, nyumba ya tatu haikuwapo. Palikuwa na tope na nguzo moja. Elihaki alisimama mbele ya nguzo ile mpaka mtu alipomshika bega na kumgeuza aangalie kilima cha makaburi. Watu wote wa kitongoji walikuwa wamekaa huko, na katikati yao Niwaeli, mtoto mikononi, wamefunikwa kanga ya Nakunda.

Zakayo Kihara alipatikana siku ya tatu. Mkewe alikuwa ameita kutoka ukingoni mpaka sauti ikakatika, lakini mbuzi walikuwa wamemvuta mbali, nyuma ya kona ya korongo.

Mfano huu siwaambii wavivu. Nawaambia ninyi wenye bidii, mnaoamka kabla ya wengine, mnaotumia yote mliyo nayo kila siku kwa sababu mnaogopa, na mnaita hofu hiyo uaminifu. Elihaki hakulala hata siku moja. Basi nijibuni: pumzi ya kumwonya Zakayo ilikosekana Jumamosi ile, au Elihaki alikuwa amekwisha kuimaliza barabarani, asubuhi moja baada ya nyingine, siku ambazo hakuna aliyemtuma?