Kamera Iliyodai Mahari

Hukununua, umeoa.

Jana mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani, yule ambaye gari lake linalala gereji kuliko linavyolala nyumbani, mkacheka mpaka chai ikawatoka puani. Halafu mkaniuliza nani alianza kusema hivyo, mkidhani ni maneno ya mababu wa mababu. Wala. Aliyeambiwa mara ya kwanza bado yupo, ana studio yake hapa hapa Bukoba, na mkimpitia msimkodolee macho.

Methali hii ilianza hivi.

Alikuwepo mpiga picha mmoja, Evodius Rwegasira. Kijana mtanashati, anajua kuongea, na akipiga picha harusini hata mama mkwe mwenye kisirani anatabasamu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda kitu kizuri kuliko kitu kizuri kilivyompenda yeye.

Kamera za wenzake zilikuwa zinajilenga zenyewe. Bonyeza, imetoka, lete hela. Ya Evodius haikujilenga. Ilikuwa na kidirisha juu. Ukichungulia unamwona mtu kama yuko wawili, yeye na kivuli chake ubavuni. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wanaingiana, wanakuwa mmoja, ndipo unabonyeza. Watu wa mjini wakaiita Mapacha.

Bei yake ilikuwa bei ya kiwanja. Sisemi hivyo kunogesha. Evodius aliuza kipande cha kibanja, shamba la ukoo wanamozikwa wazee, alichoachiwa na marehemu baba yake, chenye migomba na kahawa, akaiagiza Ulaya kiwandani kwenyewe. Na nyinyi mnajua, kwetu mtu akiuza kibanja, watu wanaongea kwa sauti ya chini kama wamepita matanga.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Kaijage, kinyozi wa chumba cha pili. Evodius alimwonyesha ile kamera akiwa ameishika kwa kitambaa, kama padri na kikombe cha misa.

"Hiki kitu mzee, unanunua mara moja. Kiwanda kimesema chenyewe, hakizeeki. Kikitokea cha kisasa wanakiingiza humu humu ndani. Mimi nitazikwa nayo."

"Utazikwa wapi," Kaijage akauliza, "na kibanja umeuza?"

Asimwe aliingia kwenye maisha yake kwa picha ya pasipoti. Alikuwa mwalimu wa kemia sekondari, dada mpole wa uso ila mdomo uko tayari. Evodius alizungusha pete, akazungusha, akarudisha.

"Kaka," Asimwe akasema bila kuondoa macho kwenye lenzi, "unapiga picha au unasali?"

"Nakuunganisha. Uko wawili humu."

"Basi mmoja muache aende kusahihisha madaftari, amechelewa."

Hapo Evodius kwisha habari yake. Baada ya muda barua ya posa ikaenda, Mzee Kaijage ndiye mshenga. Kwao Asimwe msemaji alikuwa shangazi yake, Ma Leokadia, mwanamke ambaye akikohoa wanaume wanakaa sawa. Akataja mahari: ng'ombe kwa pesa, blanketi la bibi, kanzu ya babu, na lubisi ya kutosha, ile pombe yetu ya ndizi. Kaijage akabembeleza mpaka sauti ikamkauka. Hakupunguziwa hata blanketi. Siku ikapangwa, mara tu baada ya mwaka mpya.

Evodius hakuwa na hela zote. Nusu aliitoa Asimwe, kwenye mshahara wake, kimya kimya, maana bibi harusi kujichangia mahari ni kichekesho cha mwaka mzima. Siku anamkabidhi alimshika mkono akamwambia, "Nimetoa hela ili nitoke kwetu kwa heshima. Evo, usije ukanifanya kichekesho."

"Mimi? Nitaanzia wapi?"

Akaanzia kwenye simu. Asubuhi moja ujumbe ukaingia kutoka kiwandani. Evodius akaenda mbio chumba cha pili, Kaijage akiwa na mteja nusu kichwa.

"Mzee, sikia. 'Mpendwa mwanafamilia wetu.' Familia! Wazungu hao!"

"Familia," Kaijage akasema. "Walikuja kumzika baba yako?"

"Subiri. Wanasema sisi tulionunua mwanzo tumepewa nafasi ya peke yetu. Unawapelekea kamera, wanaiwekea kioo kisichochubuka na kifungio kipya kisicho na kelele. Bei ya familia. Mwisho wa mwezi wanafunga mlango."

"Na mimi nisiye familia ningelipa ngapi?"

"Wewe ulipe nini? Huna kamera."

"Kumbe. Afadhali yangu."

Mteja mwenye nusu kichwa akacheka, wembe nusura umkate sikio.

Tumwonee huruma kidogo. Ile kamera ilikuwa na kelele kweli. Ukibonyeza inalia kama mtu amefunga sanduku, na paroko alishawahi kusimamisha ndoa altareni akasema, "Evodius, ukimaliza kufunga milango yako utuambie tuendelee." Desemba ilikuwa inakuja, watu wote wa Dar na Mwanza wanarudi nyumbani kuoa. Akaona hivi: nikiwa na kamera isiyo na kelele, harusi zote za kanisani ni zangu, hela ya mahari nitakuwa nimeirudisha kabla ya siku yake. Akilini mwake hakuwa anakula hela ya Asimwe. Alikuwa anaiazima kwa familia moja aipelekee familia nyingine.

Bei ilikuwa kubwa, karibu bei ya pikipiki mpya. Akawaandikia kwa Kiingereza chake cha adabu, akawaeleza kwamba huku kwetu ndugu hauziwi kwa bei ya kwanza, mnakaa, mnaongea, mnashushiana. Jibu lilikuja upesi: Mpendwa mwanafamilia, bei uliyopewa tayari ni ya familia.

Akalipa. Mahari yote ikaenda, blanketi la bibi humo humo, na Mapacha ikafungwa kwenye boksi ikaenda Ulaya.

Novemba ikaisha, kiwanda kikasema foleni ni ndefu kwa sababu wanafamilia ni wengi. Desemba ikaja na harusi zake. Watu waligonga studio, Evodius akawaambia kamera imesafiri. Wengine waliuliza, "Imeenda kusalimia kwao?" Hakuwa na nyingine, alishaiuza ile ya zamani kwa dharau. Harusi zote zikapigwa na vijana wa kamera za kubonyeza. Kila Jumamosi alisikia matarumbeta yakipita barabarani, akafunga dirisha.

Asimwe akimuuliza mambo ya siku ile anajibu, "Yako sawa." Asimwe akaamini. Alishashona gauni.

Boksi lilirudi siku moja kabla ya siku ya mahari, na ushuru juu yake, ambao Kaijage ndiye aliyeulipa. Evodius akachungulia kidirishani, akabonyeza. Kimya. Hata yeye hakusikia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Desemba ianze.

Ndipo simu ikaingia ujumbe. Mpendwa mwanafamilia wetu. Tunafurahi kukutambulisha kwa kamera mpya. Kwa bahati mbaya, ya zamani haiwezi kugeuzwa kuwa hii. Lakini kwa kuwa wewe ni wa nyumbani, turudishie hiyo uliyonayo, uongezee kidogo.

Hakumwonyesha mtu.

Kesho yake wakaenda ukweni, Evodius na mshenga wake, na madumu mawili ya lubisi, na Mapacha shingoni. Sebule imejaa wazee. Asimwe amekaa pembeni kwenye mkeka, kitenge kipya, macho chini kama inavyotakiwa, ila kona za mdomo zinacheka. Salamu zikaisha, lubisi ikaonjwa. Ma Leokadia akatandika kanga nyeupe katikati, tayari kuwekewa mahari.

Kaijage akakohoa, akaanza kwa neno letu la heshima. "Waitu, shangazi. Tumekuja, lakini mzigo umekwama kidogo njiani. Tunaomba tusogezewe siku."

"Umekwama wapi? Kivukoni?"

"Tuseme... Ulaya."

Wazee wakatazamana. Ma Leokadia akageuka kwa Evodius mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, mkwe huwa haulizwi.

"Baba, sema. Mahari ya mtoto wangu iko wapi?"

Mwongo angepata la kusema. Evodius akainyanyua kamera. "Iko humu, shangazi. Waliniita wao. Ilikuwa nafasi ya mwisho, bei ya familia. Sasa hailii kabisa, nitapata harusi, nitalipa yote."

"Si ulishainunua hii? Kibanja cha baba yako si ndicho kilichoinunua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na sasa umeilipia tena."

"Kuboresha tu."

"Na watakuita tena?"

Evodius akashika mfuko wa suruali. Ile simu mfukoni ikawa nzito kama jiwe la kusagia.

"Kumbe wameshakuita," Ma Leokadia akasema taratibu. "Lete nimwone."

Akaichukua, akaiweka jichoni, akaielekeza kwenye mkeka. Sebule nzima ikasubiri.

"Namwona Asimwe. Wako wawili."

"Zungusha hapo mbele, shangazi. Utawaunganisha."

"Wa nini niwaunganishe? Mmoja ni wa kwako, yumo humu kwenye kamera, nenda naye. Huyu wa mkekani ni wetu, anabaki." Akairudisha mikononi mwake. "Mwanangu, kitu ukikinunua unalipa, unabeba, biashara imekwisha. Lakini ukitoa mali mara ya kwanza, wakakuita ndugu, wakataka tena, ukapeleka tena, na bado wanakutazama mkononi, hayo mimi nayajua, ndiyo kazi yangu. Hayo ni mahari, na mahari haiishi. Hii kamera hukununua. Umeoa. Na sisi hatutoi mtoto kwa mume wa mtu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akakutana na macho ya Asimwe, akaacha.

Asimwe akainuka mkekani. Zile kona za mdomo hazikucheka tena. "Wao walikuita familia kwenye simu, ukakimbia," akasema. "Mimi niliweka mshahara wangu mkononi mwako." Akaikunja ile kanga tupu iliyokuwa katikati, pembe kwa pembe, akaingia nayo ndani.

Na Evodius, kwa mazoea ya mikono yake, alikuwa amenyanyua kamera wakati Asimwe anageuka, akabonyeza. Hakuna aliyesikia. Fundi wa Ulaya alifanya kazi nzuri. Ila hakuwahi kuzungusha pete, na picha ikatoka ukungu mtupu: kitenge, mgongo, na kitu cheupe kilichokunjwa.

Asimwe hakuolewa mwaka ule. Alihamia shule ya mbali, Karagwe, kwa sababu wanafunzi walishajua nani alimchangia nani. Hiyo ndiyo sehemu isiyochekesha, na watu wakiisema methali hii huwa wanairuka.

Mjini maneno ya Ma Leokadia yalifika kabla Evodius hajafika. Akifungua studio asubuhi, watu wanampigia kelele, "Bwana harusi! Mama hajambo?" Kaijage peke yake hakumtania. Alimuuliza tu, "Sasa utafanyaje?"

Wiki ile ile Evodius alikwenda posta na boksi. Kaijage alidhani ameiuza, hatimaye ameachana nayo, akafurahi mpaka akamnyoa bure. Baada ya miezi likarudi boksi jingine, na ndani yake kamera mpya inayong'aa, yenye kidirisha kile kile kinachokuonyesha mtu wawili. Kulipia nyongeza, aliuza kipande cha kibanja kilichobaki, pamoja na kona yenye kaburi la baba yake.

Anayo mpaka leo. Juzi nimepita pale, simu yake ikalia juu ya meza, akaisoma, akaigeuza kifudifudi asinionyeshe. Sikumuuliza. Nilijua wanamwita nani.

Hukununua, umeoa.