Kofia Juu ya Darubini

Zama zile elimu ilipopimwa kwa urefu wa joho, Chama cha Wajuzi kilimchagua Bwana Harithi kuwa rais. Alikuwa tajiri asiyejua nyota wala kimondo. Darubini ya chama aliihamishia sebuleni kwake, akaifanya ya kutundikia kofia.

Kila Mwinyikai, mwanachama mpenda nyota, alipoiomba atazame mbingu, wanachama walipiga kura ya siri kwa kokoto: nyeupe kukubali, nyeusi kukataa. Nyeusi moja ilitosha kuvunja ombi, na moja haikukosekana kamwe.

"Pole, ndugu yangu," Bwana Harithi alikuwa akicheka. "Wenzako hawakutaki. Kanuni ni kanuni."

Sasa mwezi ulikuwa karibu kupatwa, na Mwinyikai hakutaka umpite. Akamwendea rais, akainama mpaka kilemba kikamlegea.

"Bwana mkubwa, darubini nimeiacha. Ila watu wanakusengenya, eti umeichukua bila idhini. Si uombe kura, chama chenyewe kikubali ikae kwako, isirudi ukumbini kutumiwa na kila mwanachama?"

"Kumbe nawe una akili siku mojamoja!"

Mkutano ukakaa, Bwana Harithi akatoa ombi lake, kokoto zikatumbukizwa. Sanduku lilipofunguliwa, zote zilikuwa nyeupe isipokuwa moja.

"Mshenzi gani huyu?" akafoka.

"Kura ni siri, Bwana," Mwinyikai akasema kwa huzuni. "Wenzako hawakutaki. Kanuni ni kanuni. Sasa kofia yako nikuwekee wapi?"