Vitanda Sita vya Lugenda

Atandikaye kitanda kitupu halali chini. Mmemsikia matroni akiwatolea maneno hayo asubuhi, mkaja mbio kwangu kuuliza yalitoka wapi. Mmefanya vema. Matroni ameyarithi tu. Mimi nilikuwapo yalipozaliwa, tena nikiwa mpishi wa chuo hikihiki. Kaeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako nao wapite. Mambo yalikuwa hivi.

Lugenda ilikuwa bado changa, chuo cha ushonaji chenye bweni moja na wasichana ishirini na wanne. Mkuu wa chuo alikuwa Mwalimu Luvanda, mtu mwembamba kama uzi na mkaidi kama fundo la uzi huohuo. Alitaka jambo moja: Lugenda iingie katika Umoja wa Vyuo vya Kujitegemea. Umoja ndio uliotunga mtihani na kutia muhuri vyeti. Cheti cha chuo kilicho nje ya Umoja, watu walikitazama kama karatasi ya kufungia vitumbua.

Umoja huo ulikuwa na sharti lake. Kila chuo mwanachama kiweke katika kila bweni vitanda sita vilivyotandikwa, asivilalie mtu, ili chuo kingine kikipatwa na janga wanafunzi wake wapate pa kulaza ubavu. Sisi hatukuwa wanachama. Tulikuwa tumepeleka maombi tu. Lakini siku ileile aliyotuma barua, Mwalimu Luvanda alitenga vitanda sita kati ya kumi na vinane tulivyokuwa navyo. Wasichana wote wakaanza kulala wawiliwawili, na baridi ya Lugenda mnaijua.

Kiranja wao, Tumwimbile, hakuwa mtu wa kumeza neno. Alimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, mablanketi sita yamelala peke yake, sisi tunagongana magoti. Huyo mgeni ni nani?"

"Simjui."

"Atakuja lini?"

"Sijui. Nyinyi tandikeni tu."

Mimi jikoni nilicheka hadi maharage yakashika chini. Nilimwona mzee wa watu hana akili.

Mwezi wa sita akaja kutukagua Mama Nyagawa, mkuu wa chuo cha Kidope na mwenyekiti wa Umoja. Akahesabu vyerehani, akahesabu vitanda, akasema kamati itakaa Januari. Akaenda zake.

Novemba, siku tatu kabla ya mtihani, mchana kweupe, upepo wa mvua ulilibeba paa la bweni ukalitupa kwenye shamba la viazi. Ukuta mmoja ukalala. Ashukuriwe Mungu, wasichana walikuwa darasani. Lakini wangelala wapi, na darasa limejaa vyerehani? Makwao kulikuwa safari ya siku mbili, na mtihani wa Umoja, uliokuwa wazi kwa vyuo vyote, ungefanyika Kidope. Ambaye angekwenda kwao asingewahi kurudi, na mwaka wake ungepotea.

"Mama Semduli," Mwalimu akaniambia, "wapeleke Kidope. Mimi nabaki na vyerehani."

"Watatufukuza, Mwalimu. Sisi si wanachama."

"Wapeleke."

Tulitembea mwendo wa saa mbili mvuani. Kidope tulisimama barazani tukichuruzika maji, na aliyetutokea ni Mwalimu Mhapa, mwenye funguo za mabweni.

"Poleni sana," akasema. "Lakini vitanda vya Umoja ni vya wanachama. Nikivitoa leo kwenu, kesho mwanachama akiunguliwa nitampa nini?"

Na hakusema uongo. Hilo ndilo lililotuuma. Mama Nyagawa alikuwa nyuma yake, akituangalia mmoja mmoja. Macho yake yakasimama kwa Tumwimbile, aliyekuwa na furushi la nailoni kichwani.

"Binti, umebeba nini?"

"Mablanketi, mama."

"Yamelowa?"

"Makavu, mama."

"Unatetemeka hivyo, na blanketi kavu liko kichwani kwako?"

"Si yetu, mama. Ni ya wageni wa Umoja."

Mama Nyagawa akalitua furushi, akalifungua, akatoa blanketi moja na kulinusa. Lilinuka sabuni ya mche. Mikunjo ilikuwa bado imenyooka.

"Hakuna aliyewahi kuyalalia?"

Nikaona nisimpe shetani nafasi, nikasogea mbele. "Mimi, mama. Siku moja, baada ya chakula cha mchana. Kidogo tu."

"Hadi saa kumi, Mama Semduli," akasema Tumwimbile.

Hata Mwalimu Mhapa aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mama Nyagawa hakucheka. Alilikunja lile blanketi taratibu kama lilivyokuwa.

"Mwalimu Mhapa, sisi tunatenga vya ziada. Hawa wamebanana miezi yote hii kwa ajili yetu, na barua yao hatujaijibu. Hebu niambie, mwanachama hapa ni nani?"

Mwalimu Mhapa alitoa funguo.

Kidope ilikuwa na mabweni mawili, kwa hiyo vitanda vitupu kumi na viwili. Wasichana wakaingia wawiliwawili. Kubanana walikwisha kuzoea.

"Na mkuu wenu atalala wapi?" Mama Nyagawa akaniuliza.

"Chini, mama, kwenye vyerehani."

Akatuma lori la chuo. Magharibi Mwalimu Luvanda akashuka na vyerehani vyake, matope hadi magotini, wakampeleka kwenye chumba kidogo cha wageni. Alisimama mbele ya kitanda kilichotandikwa, akaligusa shuka kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima kitambaa.

"Hiki mlimwekea nani?"

"Tulikuwa hatumjui," akasema Mama Nyagawa. "Tulikuwa tunatandika tu."

Mwalimu Luvanda akaketi pembeni ya kitanda, akafunika uso kwa mikono. Sikuwahi kumwona analia kabla ya siku ile, wala baada yake. Alipoweza kusema, alisema yale maneno mliyokuja kuniulizia.

Mtihani walifanya wote. Wawili walifeli, na hilo msiusingizie upepo. Januari kamati ilipokaa, mtu akauliza Lugenda iandikwe imeingia Umoja tarehe gani. Mama Nyagawa akachukua kalamu, akaandika ile ya Novemba tuliyofika kwao, kabla ya mtihani.

Mwalimu Luvanda ametutangulia, mwaka wa kumi na moja huu. Vile vitanda sita mnavyo bwenini. Najua pia ni nani kati yenu walioweka masanduku juu yake mkagombezwa leo. Sikuwauliza kwa sababu nami nina dhambi yangu ya saa kumi.

Basi nendeni mkayatoe, mnyooshe mashuka. Atandikaye kitanda kitupu halali chini.