Turubai la Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana setilaiti ilikuwa tayari inazunguka huko juu, nilikuwepo na niliona kila kitu kwa macho yangu haya mawili. Anayebisha asimame. Hakuna? Haya, sogeeni.

Bwana Kiboko alikuwa na hoteli ya kitalii mtoni, na korongo walitoka nchi za baridi kuja kuota jua kwake. Kutoka hotelini kushuka chini, mto ukakauka, ukabaki mchanga. Wanyama wakalalamika kwamba Kiboko ameukinga. Kiboko akawapeleka ofisini kwa Kobe, mtendaji wa kata, ambako picha ya setilaiti hubandikwa kila mwezi. Kwenye picha ile maji huonekana ya buluu. Pale hotelini palikuwa vumbi tupu.

"Mimi mnaweza kuniita mwongo," akasema Kiboko. "Na mbingu je?"

Wakarudi makwao na ndoo tupu.

Ambaye hakuridhika ni Mama Pimbi, dobi wa hoteli, mdogo kama andazi. Alifua mashuka mia kila siku na maji ya bomba hayakukatika hata mara moja, ilhali wanawe huko maweni walilamba umande. Siku moja akaufuata mpira wa maji mpaka nyuma ya jiko. Akakuta turubai la rangi ya vumbi, pana kama uwanja wa mnada. Akainua pembe. Chini yake, bwawa zima limetulia, jii.

Apige kelele? Kiboko angemkalia, na hadithi ingeishia hapo. Pimbi akapiga pasi shati la bosi, akampelekea.

"Bosi, nasikia korongo mwaka huu wanakwenda kwa Nyati."

"Kwa Nyati kuna nini? Hata shuka hana."

"Picha, bosi. Siku hizi mgeni kabla hajaruka anatazama kwanza picha ya juu. Kwa Nyati pana kidoa cha buluu. Kwako panaonekana kama... nisiseme."

"Sema."

"Kama mgongo wa punda mwenye upele."

Kiboko alikijua kidoa cha Nyati, kidimbwi cha kuogea bata. Yeye ana bwawa zima na dunia haijui! Ikamuuma. Akauliza, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha dobi, setilaiti hupita lini. Keshokutwa saa nne asubuhi, akajibiwa.

Saa tatu tu ya siku hiyo, turubai lilikuwa limekunjwa, maji yanameremeta, na Kiboko yumo katikati na miwani ya jua, anaitabasamia mbingu.

Picha ikabandikwa. Buluu tele. Kobe akaitazama, akavaa kofia yake ya kazi. Wanyama wakaja na majembe, wakabomoa tuta la bwawa, maji yakashuka bwaa mpaka maweni kwa kina Pimbi. Kiboko akalia mbele ya wageni wake.

Ukiiba maji ya wenzako, usipende sifa.

Na yote haya niliyaona. Basi, hapo pa kulia nimetia mimi. Hakulia. Aliuliza tu kama kwenye picha ametoka vizuri.